Mama Kipaza Ananyamaza Kinamasini

Waliomjua walisema Mama Kipaza hakuzaliwa akilia kama watoto wengine, alizaliwa akitangaza. Kazi yake ilikuwa kusherehesha. Harusi, mahafali, kuwaaga wastaafu, hata ufunguzi wa duka la magodoro: popote palipopangwa viti vilivyovalishwa vitambaa na spika mbili kubwa, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti. Alifika ukumbini wakati wapambaji bado wako juu ya ngazi, akawafuata ndugu wa pande zote mbili mmoja mmoja, akajua nani shangazi, nani mjomba, na nani hapatani na nani asije akawaita mbele pamoja. Yote aliyaweka kichwani. Akisema "Simameni!", ukumbi mzima ulisimama, hata wale waliokuja kula tu.

Siku sauti ilipomkimbia, alikuwa akiwaita wajomba wa bwana harusi walete zawadi yao. "Wajomba," alisema, na neno likatoka. "Waje," likatoka nusu. Lililofuata halikutoka kabisa. Mpiga muziki alidhani waya umekatika, akambadilishia kipaza sauti, kisha akambadilishia tena. Wageni walicheka wakifikiri ni vituko vyake vya kawaida. Wajomba wenyewe walibaki wamesimama mlangoni na friji iliyofungwa utepe, wakitazamana, mpaka bibi mmoja akawaonea huruma na kuwashika mkono.

Daktari wa koo, mwanamke kijana mwenye taa kwenye paji la uso, alimwonyesha picha ya nyuzi za sauti yake kwenye kompyuta. Zilikuwa na vinundu, kimoja huku na kimoja huku, kama punje za mtama.

"Tutaviondoa," daktari alisema. "Upasuaji wenyewe si mkubwa. Kazi ni baada ya hapo. Itabidi unyamaze."

"Nitapunguza," Mama Kipaza alikwaruza.

"Sikusema upunguze. Nimesema unyamaze. Hakuna kuongea, hakuna kuimba, hakuna kupiga mluzi. Na usinidanganye kwa kunong'ona, maana kunong'ona nako kunachosha nyuzi."

"Hata nyumbani?"

"Hata usingizini, ukiweza."

Mume wake, fundi wa majokofu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Aliinua macho akaitazama dari kwa makini sana, kama mtu anayekagua kama inavuja.

Baada ya upasuaji, fundi huyo alifurahia maisha kwa siku chache. Alisikiliza taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho. Alisimulia hadithi ya jokofu la hoteli lililokutwa na nyoka, na kwa mara ya kwanza akaimaliza mwenyewe. Kisha furaha ikamwishia. Alirudi kutoka kazini jioni akakuta taa zimewaka, chakula kipo mezani, na kimya kimetanda nyumba nzima kama vile kuna mgonjwa mahututi chumba cha pili. Akaanza kuzungumza kwa sauti ya juu mno, polepole, akitenganisha maneno: "U-me-ku-la?"

Mkewe alichukua ubao mdogo wa watoto aliokuwa akiuvaa shingoni kwa kamba, akaandika: *Mimi si kiziwi.*

Majirani nao walikuwa hivyo hivyo. Walikuja kumjulia hali, wakampigia kelele sebuleni, wakaondoka wamechoka. Simu za wateja alipokea mume. Mmoja alipoambiwa hali ilivyo alisema pole, kisha akauliza kama kuna mshereheshaji mwingine wanayemfahamu. Mama Kipaza alisikia, akaingia jikoni, akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Wifi yake alifika asubuhi ya mapumziko. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mtaalamu wa maabara katika hospitali ya mjini, mwanamke mwembamba aliyeshinda siku nzima ameinama juu ya darubini akitafuta vijidudu kwenye matone ya damu. Mawifi hawa wawili hawakuwahi kugombana. Tatizo lao lilikuwa jingine: mmoja hakuvumilia kimya, mwingine hakuvumilia kelele, kwa hiyo kila walipokutana mmoja alizungumza mpaka mwingine akakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba. Familia nzima ilijua kuwa siku za mapumziko wifi huenda hifadhi ya ndege nje ya mji kupiga picha, na familia nzima iliona ni ugonjwa fulani hivi, ila hauambukizi.

Alisimama mlangoni na begi mgongoni, akamtazama Mama Kipaza na ubao wake shingoni.

"Wifi," alisema, "mimi kesho naenda bwawani. Kule hakuna anayeongea. Hutajiona uko peke yako."

Mama Kipaza aliandika: *Nikafanye nini?*

"Ukae."

Wakaondoka kesho yake kulipopambazuka. Hifadhi ilikuwa eneo pana la maji ya kina kifupi, matete yakizunguka kingo, katikati majani ya yungiyungi yametandazwa kama sahani za kijani. Njia ya mbao iliwapeleka hadi kwenye kibanda kilichosimama juu ya nguzo. Ndani mlikuwa na benchi moja, harufu ya tope na kinyesi cha ndege, na ukutani mianya mirefu ya kuchungulia. Wifi alitoa mfuko wa kitambaa uliojaa maharage makavu, akauweka kwenye mwanya, akalaza juu yake kamera yake ya zamani yenye lenzi nzito kama mchi. Akamwonyesha kitufe. Akamwonyesha pete ya kuvutia kitu karibu. Basi, somo likaishia hapo, naye akageukia kamera yake mwenyewe kana kwamba yuko peke yake duniani.

Mama Kipaza alikaa. Akakuna mguu. Akahesabu misumari ya ukuta. Akafungua chupa ya chai, kifuniko kikamponyoka, kikagonga sakafu ya mbao, na ndege wote waliokuwa mbele ya kibanda wakaruka kwa mkupuo mmoja kama shuka lililokung'utwa. Aligeuka akitegemea kusemwa. Wifi aliinama. Aliokota kifuniko, akampa, akarudi kwenye mwanya wake kungoja. Mama Kipaza aliona kwamba angesemwa angepata nafuu zaidi.

Usiku ule alimwonyesha mumewe picha alizopiga. Fundi alivaa miwani.

"Hii ni anga," alisema. "Hii pia ni anga. Hapa naona... huyu ni ndege au soksi?"

Mkewe akaandika: *Ndege.*

"Na hapa tumeona makalio yake. Na hapa makalio ya mwenzake." Akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko. "Mke wangu, hawa ndege umewakosea nini? Mbona wote wamekupa mgongo?"

Mama Kipaza naye akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, mdomo ameuziba kwa mkono. Lakini hakupenda kushindwa. Wifi alipojitayarisha kwenda tena, alimkuta amekaa kwenye ngazi za mlangoni, kofia kichwani, mfuko wa maharage mapajani.

Alikwenda mara nyingi baada ya hapo, na kidogo kidogo kitu kikamfungukia. Bwawa lile lilikuwa ukumbi. Lilikuwa na wageni wake, na wageni wale yeye aliwajua. Yule korongo mkubwa aliyesimama pembeni na shingo ameikunja ndani ya mabega alikuwa baba mkubwa asiyecheka harusini mpaka chakula kitoke. Yangeyange weupe walikuwa wasindikizaji wa bibi harusi, hawaendi popote peke yao. Mnandi, yule mweusi anayekausha mbawa zake baada ya kupiga mbizi, alikuwa mgeni aliyemwagikiwa na soda. Mama Kipaza alikuwa ameishi miaka mingi kwa kusoma ukumbi: alijua nani anakaribia kulia, nani anakaribia kuinuka, ni wakati gani watu wamechoka na hotuba. Sasa aliona kwamba ndege nao husema kabla ya kutenda. Shingo hurefuka. Uzito huhamia mguu mmoja. Na akijisaidia tu, jiandae, huyo anaondoka.

Mdiria, yule ndege mdogo wa bluu anayevua samaki, ndiye aliyempa picha yake ya kwanza ya kweli. Mama Kipaza aliuona mwili wake ukijikaza kwenye tete, akabonyeza kabla hajaruka, na kamera ikamkamata ametumbukiza mdomo, maji yakimzunguka kama ukosi wa lesi. Wifi aliitazama picha ile muda mrefu.

"Ulijuaje?" aliuliza.

Mama Kipaza alifikiri, akaandika ubaoni: *Alitaka kusimama. Nilimwona kama mjomba anayetaka kuomba kipaza sauti.*

Wifi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama cha mtu aliyesahau namna ya kucheka, na mnandi mmoja aliogopa akaruka. Tangu siku ile walikaa karibu zaidi kwenye benchi.

Wifi ndiye aliyemwonyesha ndege anayetembea juu ya majani. Alikuwa wa rangi ya hudhurungi kama chai ya rangi, paji la uso lina ngozi ya bluu kama kibati, na vidole vya miguu virefu ajabu, vilivyomwezesha kukanyaga yungiyungi bila kuzama. Askari wa hifadhi walimwita Mkanyaga-Majani. Kiota chake kilikuwa rundo la majani machafu linaloelea, na ndani yake mayai ya kahawia yaliyochorwa mistari myeusi, kama mtoto alichezea kalamu.

"Huyu unayemwona ni dume," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Jike akishataga, huenda zake. Baba ndiye anayetamia na kulea. Vifaranga vikitishika, anaviingiza chini ya mbawa, anasimama, anaondoka navyo. Nimesoma, nimeona kwa wengine. Mimi mwenyewe sijawahi kupiga picha hiyo. Kila mara nafika nimechelewa, au majani yananiziba."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya ndugu yeyote.

Mayai yalipoanguliwa, wifi alikuwa na zamu maabara. Mama Kipaza alikwenda peke yake. Alimkuta baba yule akitangulia kwenye majani, nyuma yake vifaranga vyenye mistari mgongoni, kila kimoja miguu mirefu kuliko mwili, vikijikwaa na kujizoa. Alipiga picha chache, kisha akaacha ili atazame tu. Jua lilikuwa limepanda kiasi, maji yametulia, na kwa mara ya kwanza tangu anyamaze hakuwa na neno lolote lililomkwama kooni.

Ndipo mlio ukaanza. Ulikuwa mkali, wa injini ndogo, kutoka upande wa matete. Yule baba aligeuza kichwa. Akachuchumaa, mbawa akazifungua kidogo, akatoa mlio wa kukwaruza, na vifaranga vikamkimbilia, vikajisukuma chini ya mbawa, huku na huku. Kisha akasimama. Mama Kipaza hakupumua. Mbele ya lenzi yake alisimama ndege mmoja mwenye kundi la miguu: miwili yake imara juu ya jani, na chini ya kila ubavu miguu mingine membamba inaning'inia kama kamba za viatu zisizofungwa. Alibonyeza, akabonyeza tena. Mwanga ulikuwa upande wake. Baba amemgeukia. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Akatambua mlio ule ni wa nini. Kijana wa kufyeka alikuwa ndani ya maji ya magotini, mashine begani, akisafisha njia ya mashua. Matete yalilala mbele yake kama nywele kwa kinyozi, naye alikuwa akielekea moja kwa moja kwenye yungiyungi.

Mama Kipaza aliinuka akafungua mdomo. Pumzi ikajaa kifuani kama zamani, sauti ile iliyosimamisha kumbi ikaja hadi kooni. Akaufunga mdomo. Kijana alikuwa amevaa vifuniko vya masikio, vyekundu, vikubwa kama mabakuli. Angepiga kelele mpaka kidonda kifunguke, asingemsikia.

Akaichukua kamera, ubao akausahau kwenye benchi, akashuka ngazi ya nyuma, akaingia majini na gauni lake.

Tope lilimpokea hadi mapajani. Kiatu kimoja kikabaki chini, na cha pili kikamfuata mwenzake. Alizunguka mbali na kiota, kamera ameinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili akipunga kitambaa cha kichwa alichokuwa amekivua. Alianguka mara moja, mkono wenye kamera ukabaki juu. Kijana alipoinua macho aliona mwanamke wa tope anamjia kutoka kwenye matete, mdomo wazi, hana sauti. Aliganda. Mashine ikazimika yenyewe, au labda aliizima, baadaye hakukumbuka.

"Mama, mimi sijafanya kitu!" alisema akivua vifuniko vya masikio. "Wewe ni mtu?"

Mama Kipaza alitikisa kichwa kukubali. Akanyoosha kidole kwenye yungiyungi, akakumbatia hewa kama anayebeba watoto, akachuchumaa, akafanya mbawa kwa viwiko. Kijana alirudi hatua moja nyuma. Basi akaiwasha kamera, akamwekea kioo chake mbele ya macho.

Kijana akainama. "Hee! Huyu ndege ana miguu mingapi?" Akatazama tena, akatazama majini, akaelewa. "Watoto hao? Amewabeba? Yaani mimi nilikuwa naenda..." Hakumalizia. Akaiweka mashine juu ya bega kwa tahadhari, kama inayoweza kuamka.

Mhifadhi alikuja mbio, ana simu mkononi, akitaka kujua kwa nini mgeni yuko majini wakati bango limekataza. Mama Kipaza aligusa shingo yake akaonyesha kovu dogo ambalo halikuwepo, maana upasuaji ulikuwa wa ndani. Kijana akachukua usukani.

"Mkuu, mama huyu anasema," alianza, na Mama Kipaza akatoa macho, kwa sababu alikuwa hajasema chochote. "Anasema kule kuna familia. Baba amebeba watoto kwapani. Anasema kama ni kufyeka, tufyeke baada ya watoto kujua kutembea. Anasema tukiendelea leo, yeye atalala hapa hapa mbele ya mashine. Na anasema hifadhi ni ya ndege kwanza, mashua baadaye."

Hotuba ilikuwa na kasoro. Ilianza kwa haraka na haikuwa na kituo mahali pa kupumua. Mama Kipaza angemrekebisha mengi. Lakini mhifadhi aliitazama picha, akamtazama kijana, akamtazama mwanamke aliyejaa tope mpaka kwenye nyusi, akasema, "Nani amekuambia uanzie upande huu?" Mchana ule ule kamba yenye vitambaa ya kuzuia watu ikafungwa mbali kidogo na kiota, na njia ya mashua ikapindishwa.

Wifi alipofika jioni na koti lake la maabara, alimkuta shemeji wa kijana yule, mpishi wa kantini ya hifadhi, amempa Mama Kipaza ndoo ya maji ya moto na kandambili za kuazima. Mama Kipaza hakuandika kitu. Alimpa kamera.

Wifi aliitazama picha ile amesimama. Akaikuza, akaona kila kidole kinachoning'inia. Akakaa chini, karibu na ndoo. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Wifi," alisema. "Wifi jamani. Hii mimi nimeitafuta nusu ya maisha yangu." Kisha akamkumbatia, na tope lililobaki likahamia kwenye koti jeupe.

Siku ya kuruhusiwa kusema, familia ilijazana sebuleni. Mama mkwe alitaka kusikia shukrani kwa Mungu. Mume alitaka kusikia jina lake, na alikuwa amechana nywele. Mama Kipaza alivuta pumzi, akasita, akasema, "Naomba maji."

"Haya ndiyo maneno ya kwanza?" mume alilalamika. "Mimi nimekaa na ubao muda wote huu!"

"Nina kiu, mume wangu. Nifanyeje?"

Sauti ilikuwa imeshuka, ina mkwaruzo kama wa mlango wa mbao mzito. Daktari alisema ndiyo hiyo, aitunze. Baadhi ya wateja hawakurudi, wakamchukua msichana mwenye sauti kama kengele. Waliorudi waligundua jambo jipya: Mama Kipaza sasa alijua kungoja. Mzazi aliyekwama katikati ya hotuba hakumwokoa kwa utani kama zamani. Alimwacha, akamtazama, mpaka neno lenyewe likaja, na ukumbi ukalia. Kuna mabibi waliosema kwamba harusi zake zilikuwa zimepungua kelele lakini watu waliondoka na kitu.

Picha ya baba mwenye miguu mingi ilitundikwa kwenye lango la hifadhi, jina la Mama Kipaza na la wifi chini yake, kwa sababu Mama Kipaza alikataa kuweka lake peke yake. Kijana wa kufyeka aliwaonyesha wageni wote na kuwaeleza alivyoshiriki, na kila mara sehemu yake ilirefuka. Mhifadhi aliwaomba mawifi wawe wanapokea vikundi siku za mapumziko. Waligawana kazi bila mjadala: Mama Kipaza huwakaribisha langoni, huwachekesha, huwaambia watavaa nini na watazima nini, kisha wakifika kwenye ngazi ya kibanda, huweka kidole mdomoni, na wifi huchukua nafasi.

Mvua zilipokuja, wawili hao walisikia kwamba heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wametua kwenye bwawa la chumvi, mbali, upande wa pili wa milima. Wifi aliomba likizo, ya kwanza tangu aajiriwe. Mama Kipaza aliwarudishia watu fulani malipo ya harusi yao, akawaelekeza kwa yule msichana mwenye sauti ya kengele, akamsifia sana. Fundi wa majokofu aliwapakilia kisanduku cha barafu, akakagua mpira wa kifuniko chake mara mbili, akawasukumia gari mpaka likawaka. Walipofika njia kuu mvua ilikuwa imekolea. Wifi aliendesha, akizungumza juu ya heroe bila kupumzika: wanakula nini, wanacheza vipi, kwa nini ni waridi. Mama Kipaza alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, kamera mapajani, akimsikiliza.